Mafunzo ya Kumtibu Sungura Mwenye Jeraha Dogo

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kiumbe akakikadiria riziki yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Katika nyumba za Mji Mkongwe na mashamba ya Unguja wako watu wafugao sungura, wengine kwa nyama na wengine kwa kuwafurahisha watoto. Mji una paka wengi, na matundu yana ncha za waya. Basi hapakosi siku sungura kuonekana na damu. Hapo mwenye nyumba hufanya moja katika mawili: ama hupuuza akasema ni sungura tu, ama humpaka kila alichoambiwa na jirani. Yote mawili ni makosa.

FASLU YA KWANZA: HUKUMU YAKE

Sungura ni halali kuliwa. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kuwa Anas bin Malik na wenziwe walimkimbiza sungura huko Marr Dhahran, karibu na Makka, hata watu wakachoka. Anas akamkamata, Abu Talha akamchinja, na paja lake likapelekwa kwa Mtume (S.A.W.), naye akalipokea. Na Imamu Damiri, mwanachuoni wa Kishafii wa Misri aliyefariki mwaka 808 wa Hijra (1405), amemtaja sungura katika kitabu chake Hayatul Hayawan.

Na kumpa mtoto kiumbe cha kucheza nacho kwajuzu, madhali hakiteswi. Ushahidi ni Abu Umair, ndugu mdogo wa Anas, aliyekuwa na kindege chake, Mtume (S.A.W.) alimjua kindege huyo, na alipokufa alimsemesha mtoto kwa upole.

Walakini aliyefuga amejifunga. Katika madhehebu ya Shafii ni wajibu kumpa mnyama chakula na maji. Mwenyewe akikataa, hakimu humlazimisha auze, au alishe, au achinje ikiwa ni mnyama wa kuliwa. Na khabari ya mwanamke aliyemfunga paka mpaka akafa kwa njaa, akastahili Moto, ni mashuhuri. Kama ilivyo mashuhuri khabari ya aliyemnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa.

FASLU YA PILI: NAMNA YA KUMTIBU

Kwanza, amshike vizuri. Sungura hainuliwi kwa masikio. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, na wa pili uchukue makalio. Kwani akirusha miguu ya nyuma hewani aweza kuvunjika uti wa mgongo. Ni bora amfunike kitambaa, apate kutulia.

Pili, azuie damu. Akandamize kitambaa safi juu ya jeraha kwa muda wa dakika tano, wala asifunue funue kutazama.

Tatu, apunguze manyoya kandokando ya jeraha kwa mkasi, taratibu. Ngozi ya sungura ni nyembamba mno, ikivutwa hupasuka.

Nne, aoshe. Achemshe maji nusu lita, atie chumvi kijiko kimoja cha chai kilicho sawasawa, ayaache yapoe, kisha amwagie jeraha mpaka mchanga na uchafu utoke. Asitie spiriti, wala mafuta ya taa, wala majivu, wala tumbaku. Vitu hivi huunguza nyama au huingiza uchafu, na sungura hulamba kila alichopakwa.

Tano, amweke ndani, mahali pa baridi na pakavu, juu ya kitambaa safi. Katika nchi hii ya joto nzi hutaga mayai jerahani, na funza hutoka kwa muda mfupi. Basi alitazame jeraha asubuhi na jioni, na alale penye usafi siku zote, kwani mkojo wake huchoma kidonda.

FASLU YA TATU: TOHARA

Manyoya yaliyokatwa kwa sungura aliye hai ni tohara, kwa kuwa ni mnyama aliwaye. Ama kipande cha nyama au cha sikio kilichokatika angali hai, hukumu yake ni ya mzoga. Damu ni najisi. Ile kidogo kwa ada ya watu husamehewa, na iliyo nyingi huoshwa kabla ya sala. Mkojo na mavi yake ni najisi pia katika madhehebu ya Shafii, ijapokuwa nyama yake ni halali.

FASLU YA NNE: JERAHA LISILO DOGO

Meno ya paka hufanya tundu dogo kama la sindano, na ndani yake huacha vijidudu vya maradhi. Mtu huona tone moja la damu akasema limekwisha, na baada ya siku chache pakavimba usaha mzito usiotoka wenyewe. Basi aliyeumwa na paka apelekwe kwa mganga wa wanyama siku ile ile. Vivyo hivyo mwenye jeraha refu, au lenye funza, au linalonuka, au lenye damu isiyokatika. Na sungura aliyeacha kula kutwa nzima yu hatarini, kwani matumbo yake husimama.

Wala asipewe kwa kinywa dawa za binadamu zilizobaki nyumbani. Penisilini na amoksilini zikimezwa na sungura huharibu matumbo yake, na huweza kumwua.

SUALA: Mtoto amepewa sungura na mjomba wake, kisha sungura akajeruhiwa. Je, baba aweza kumchinja awakirimu wageni, ili aepuke taabu ya kumtibu?

JAWABU: Sungura yule ni mali ya mtoto, na baba ni msimamizi tu, hana ruhusa kutumia mali ya mwanawe illa kwa maslaha ya mwana. Jeraha dogo laponyeka kwa maji na chumvi, basi taabu yake si udhuru. Likiwa limeharibika, na mjuzi akasema hatapona, achinjwe kwa sharia kabla hajafa, nyama isipotee. Na ikiwa alikwisha pewa dawa, mganga aulizwe kwanza kama yafaa kuliwa. Ama kumwacha pembeni aliwe na funza, hilo ni kumtesa, na kutesa ni haramu. Tena mtoto atazamaye hujifunza huruma au ukatili kwa mkono wa baba yake.

Wallahu aalamu. Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa wenye kuhurumia, wapate kuhurumiwa. Amin.