Chai ya mchele wa kukaanga humfaa anayeacha sukari

MTU akitoka hospitalini baada ya kuambiwa kwamba sukari yake ya damu imepanda, jambo linalomsumbua kwanza nyumbani aghalabu si dawa bali ni chai. Ataizoeaje bila sukari? Wengi hunywa chai ya rangi kwa siku tatu hivi, kisha mkono hurudi kwenye kopo la sukari. Wengine hushauriwa na jirani wanunue chai ya kijani. Huichemsha kwa sufuria jinsi walivyozoea kuchemsha majani ya kawaida, wakapata maji machungu ajabu, na pakiti ikasahaulika kabatini.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mnamo 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata kutokana na chakula, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima hiyo ni gramu 25 hivi kwa siku, yaani takriban vijiko 6 vya chai. Ukinywa vikombe vinne vyenye vijiko viwili viwili, umeshafika vijiko 8 kabla ya kugusa soda wala keki.

Wajapani wana kinywaji kinachoweza kumsaidia mtu wa aina hii. Hukiita genmaicha. ‘Genmai’ ni mchele wa kahawia, ambao haujaondolewa ngozi yake ya ndani, na ‘cha’ ni chai. Majani ya chai ya kijani huchanganywa na mchele uliokaangwa bila mafuta, kwa kawaida nusu kwa nusu kwa uzani. Inasimuliwa kwamba watu wa kipato kidogo waliongeza mchele ili majani yafike mbali, kama mama anavyoongeza viazi mchuzi uwatoshe wageni. Hata leo genmaicha huwa ya bei nafuu kuliko chai nyingi za huko, na hilo halipunguzi utamu wake hata kidogo.

Siri yake ni harufu. Mchele ukikaangwa, wanga na protini zake hutoa harufu ile ile inayotuvuta tunapopita karibu na anayechoma mahindi au kukaanga njugu. Ulimi haupati sukari, lakini pua inaambiwa kuna chakula, na kinywa hutulia. Ndiyo maana naona humfaa mtu anayeacha sukari kuliko chai ya kijani tupu.

Huenda ukauliza, je, mchele huo hautapandisha sukari mwilini? La. Tunakunywa maji yaliyopita juu yake kwa dakika moja tu, wala hatuuli. Majedwali rasmi ya vyakula ya Japani huonyesha kwamba kinywaji hicho hakina wanga wa kuhesabika. Kafeini nayo ni kidogo: miligramu 10 hivi katika mililita 100, ilhali kahawa ina 60. Mtu anayekosa usingizi akinywa kahawa jioni anaweza kuijaribu.

Ukiitafuta dukani

Katika Nairobi utaipata katika maduka yanayouza vyakula vya Asia ya Mashariki na baadhi ya supamaketi kubwa. Tazama tarehe kwanza, kwa sababu chai ya kijani haikai sana. Ikizeeka hunuka kama nyasi kavu. Majani yawe ya kijani, si ya manjano. Punje za mchele ziwe rangi ya dhahabu au kahawia, na chache nyeupe zilizopasuka kama bisi. Ukiona punje nyeusi nyingi, iache. Soma pia orodha ya viungo: inayotakiwa ni chai na mchele, basi. Nyingine hunyunyiziwa unga wa chai uitwao matcha, ambao huifanya iwe ya kijani zaidi na kuiongezea kafeini. Vifuko vidogo vya kutumbukiza kikombeni huwa na vumbi la majani, na vumbi hutoa uchungu haraka.

Ukiona bei ni kali, jitengenezee. Chai ya kijani inayolimwa na kutengenezwa hapa Kenya inauzwa madukani. Mmea ni ule ule wa chai yetu nyeusi. Tofauti ni kwamba majani ya chai nyeusi hukatwakatwa na kuachwa yapigwe hewa hadi yawe hudhurungi, ilhali ya kijani hupashwa moto mapema ili yasigeuke. Mchele nao, tumia pishori ya Mwea, na ukipata ile ya kahawia ni bora zaidi. (Mwea yenyewe si ngeni kwa Wajapani: bwawa la Thiba linaloinyweshea mashamba, lililofunguliwa mwaka wa 2022, lilijengwa kwa msaada wa mkopo wa Japani.) Mchele wa Kijapani ni mfupi na mnene, kwa hivyo chai yako haitafanana kabisa na ya Kyoto. Pishori ina harufu yake yenyewe, na mimi siioni kuwa hasara.

Osha nusu kikombe cha mchele, uchuje, uutandaze kwenye kitambaa safi hadi ukauke. Weka kikaango kizito kwenye moto mdogo, bila mafuta, umimine mchele na uanze kukoroga. Usiende kupokea simu. Kwa dakika tano za kwanza utadhani hakuna kinachotendeka, halafu punje zitaanza kugeuka rangi na chache kupasuka. Baada ya dakika 10 hadi 15 zitakuwa kama ganda la njugu. Ziondoe kikaangoni mara moja, kwa sababu chuma huendelea kuzikaanga hata baada ya moto kuzimwa. Mchele ulioungua hutia chai uchungu wa masizi. Isitoshe, wanga uliokaangwa kupita kiasi hutoa kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo wataalamu wanashauri tuipunguze katika chakula.

Acha upoe kabisa kabla ya kuchanganya, la sivyo mvuke wake utalowesha majani. Kwa kuwa majani ni mepesi, kijiko kimoja cha mchele huhitaji vijiko viwili au zaidi vya majani ili uzani ukaribiane. Hifadhi katika kopo lisilopitisha hewa wala mwanga, mbali na vitunguu na viungo, na utengeneze kiasi cha wiki mbili tu.

Maji yasichemke juu yake

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea kwa mazoea. Maji ya moto sana hutoa katekini na kafeini kwa wingi, na hizo ndizo zenye uchungu. Kwa majani mazuri, nyuzijoto 80 hadi 90 zinatosha. Katika Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, kwa hivyo ukizima moto na kungoja dakika mbili au tatu, yako tayari. Mombasa yanachemka kwenye 100; ngoja zaidi. Weka kijiko kikubwa kimoja cha mchanganyiko katika birika, mimina kikombe kimoja cha maji, hesabu sekunde 30 hadi 60, kisha chuja yote hadi tone la mwisho. Majani hayo hayo yatakupa kikombe cha pili. Maziwa usitie, yatafunika harufu uliyoitafuta kwa jasho.

Uiache ipoe kidogo kabla ya kunywa. Mnamo 2016 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani ilitangaza kwamba vinywaji vya zaidi ya nyuzijoto 65 huenda vikasababisha saratani ya umio, na saratani hiyo inawaua Wakenya wengi. Kosa ni la moto, si la majani.

Kuna watu wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi. Tanini za chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga. Mama mjamzito, msichana aliyevunja ungo na yeyote mwenye upungufu wa damu asiinywe pamoja na chakula au vidonge vya chuma. Aache angalau saa moja ipite. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au nadololi ya presha, amwambie daktari wake kabla ya kuanza kunywa chai ya kijani kwa wingi. Mgonjwa wa kisukari aendelee na dawa zake kama alivyoandikiwa, kwa sababu chai hii huondoa sukari ya kijikoni tu.

Na vile vidonge vya dondoo ya chai ya kijani vinavyouzwa kwa wanaotaka kupunguza unene, usivichanganye na kinywaji hiki. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya mwaka wa 2018 kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini aina ya EGCG kutoka kwa vidonge kama hivyo zinaweza kuanza kudhuru ini. Chai iliyotiwa maji ya moto kwa njia ya kawaida haikutiliwa shaka hiyo.