Mwambie mama watoto kabla majibu ya miamba hayajatoka

Mama,

Mimi ni mkulima wa ufuta, Kiranjeranje wilayani Kilwa, nina miaka 38, mke na watoto watatu. Mwaka jana walikuja vijana wawili na gari, wakatukusanya watu kama ishirini kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni pale Nangurukuru. Walisema kampuni yao ina leseni ya kutafuta madini kinywe Ruangwa, na kwamba sisi wenyeji wa Lindi tunapewa nafasi ya kununua hisa kabla wageni hawajazimaliza. Hisa moja shilingi elfu kumi. Nilinunua 320. Milioni mbili na laki sita zilikuwa fedha za mnada wa ufuta, tulizopanga kununulia bati. Laki sita nilimwomba mke wangu akope kwenye kikoba chake, nikamwambia ni za dawa na vibarua.

Tuliambiwa kuchoronga kunaanza Agosti na majibu ni Oktoba. Oktoba ikapita. Januari wakatutumia picha ya mtambo. Tangu hapo kila nikimpigia yule kijana anajibu kuwa sampuli ziko maabara, tuwe na subira, majibu ni mazuri mno ila hawaruhusiwi kuyatangaza. Wiki iliyopita ametuma ujumbe: kila mwenye hisa aongeze laki tano za maabara kabla ya mwisho wa mwezi, asiyeongeza hisa zake zitapunguzwa.

Mke wangu anaamini chama cha msingi hakijanilipa. Kila siku namwambia kesho. Kikoba kinamdai, na Jumamosi hii wanakutana. Silali, nashinda nimeshika simu. Nina mashine ya boti ambayo ndugu yangu anaitumia Kivinje, naweza kuiuza nikapata hizo laki tano. Je, niongeze? Na mama watoto nimwambie sasa, au ningoje majibu yatoke nimpe na habari njema kwa pamoja? Nimeambatanisha picha ya risiti.

Mngoja Majibu, Kilwa

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na hiyo risiti nimeikuza kwenye simu mpaka herufi zikapotea. Imechanwa kwenye kile kitabu cha risiti kinachouzwa kila duka la madaftari. Jina la kampuni limeandikwa kwa kalamu. Namba ya usajili haipo, idadi ya hisa haipo. Na pale penye "kwa ajili ya", aliyepokea fedha zako ameandika "mchango wa hisa". Mchango tunatoa msibani na harusini, na anayetoa hadai kitu. Neno hilo moja ndilo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine waliotangulia kuniandikia.

Laki tano usitoe. Mashine usiiuze kwa ajili ya maabara ya mtu.

Inawezekana kampuni ipo, leseni ipo, na hata mtambo ule wa kwenye picha ni wao. Ruangwa kinywe kipo kweli, hakuna anayebisha. Lakini hata kila kitu kikiwa halali, hayo majibu unayoyakosea usingizi si kile unachodhani.

Niliwahi kusimama kando ya mtambo wa kuchoronga. Bomba linashuka likizunguka, tope linatapika juu, na kila baada ya mita chache mafundi wanavuta kipande cha mwamba cha mviringo, kama muhogo uliomenywa, wanakilaza kwenye trei na kuweka kibao chenye namba ya kina. Mwamba wenye kinywe unang'aa weusi. Ukiugusa vidole vinabaki na rangi ya penseli na vinateleza. Siku ile kila mtu aliugusa, hadi mpishi, na kila mtu alitabasamu. Mjiolojia peke yake hakutabasamu. Alikuwa anaandika kwenye daftari lake, na nilipomuuliza kama ni mzuri akaniambia nimuulize tena baada ya mwaka.

Sasa naelewa kwa nini. Kile kipande hukatwa katikati kwa msumeno, nusu moja ikabaki kwenye trei, nusu ikatiwa mfukoni na namba yake ikaenda kupimwa. Maabara itasema asilimia ya kinywe. Halafu linakuja jambo ambalo wauza hisa hawaligusi: ukubwa wa magamba yake, kwa sababu wanunuzi hulipa vizuri zaidi magamba makubwa kuliko yaliyo laini kama unga. Na hapo umepata habari za tundu moja. Yanatakiwa matundu mengi, yaliyopangwa, ndipo wataalamu wakadirie kuna tani ngapi chini. Baada ya hapo kuna majaribio ya kuusafisha mwamba, tathmini ya mazingira, leseni ya kuchimba, fidia ya wenye mashamba, barabara, umeme, na mwenye fedha za kujenga. Leseni ya utafutaji inampa mtu haki ya kutafuta. Haimpi haki ya kuchimba na kuuza.

Angalia hapo hapo ulipo. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya yako mwenyewe, iligunduliwa na kampuni ya AGIP ya Italia mwaka 1974. Ilianza kuendesha mitambo ya umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Gesi ilipatikana, na bado fedha zilichukua miaka 30. Nenda Ruangwa: mradi wa kinywe wa Nachu ulipata leseni kubwa ya uchimbaji mwaka 2015. Kampuni yenye mradi huo, Magnis, ilikuwa kwenye soko la hisa la Australia, na mwishoni mwa 2023 hisa zake zilisimamishwa kuuzwa huku mgodi ukiwa haujajengwa. Kule nako kuna watu wa kawaida, wastaafu na wafanyakazi, waliokuwa wakiamka usiku kutazama simu kama wewe.

Na usidhani kukaa kwenye soko letu wenyewe kunatosha. Mwaka 2014 kampuni ya Swala iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam, na Watanzania wengi wa kipato cha kawaida walinunua hisa zake kwa shilingi 500. Walisubiri kisima cha Kito-1 huko Kilombero. Hakikuchimbwa. Baadaye kampuni ikanunua kipande kidogo katika kampuni ya gesi ya Songo Songo, na mwishowe ikazidiwa na madeni. Wale walikuwa na waraka wa matarajio mkononi, wenye kurasa zinazoeleza hatari zote. Wewe una karatasi ya "mchango".

Nirudi kwenye maneno ya huyo kijana, maana yananikera. Anasema majibu ni mazuri mno ila hawaruhusiwi kuyatangaza. Kampuni iliyo kwenye soko la hisa hairuhusiwi kumnong'oneza mtu mmoja matokeo. Inayatangaza kwa wote siku moja. Kwa hiyo anayekunong'oneza ama anavunja kanuni, ama hana majibu yoyote. Na kama kampuni yake haiko kwenye soko, hakuna kinachomzuia kuwaita wenye hisa na kuwasomea karatasi ya maabara. Anasema tena asiyeongeza hisa zake zitapunguzwa. Hisa uliyoilipia haipungui idadi kwa kuwa umekataa kuongeza. Kampuni inaweza kutoa hisa mpya na fungu lako likawa dogo katika jumla, lakini hilo huamuliwa kwa utaratibu wa kampuni, kwa maandishi, na haliamuliwi kwa ujumbe wa simu wenye tarehe ya mwisho. Ujumbe wenye tarehe ya mwisho umeandikwa ili usipate muda wa kuuliza.

Basi uliza. Kwanza BRELA, wanaosajili kampuni: kampuni hiyo imesajiliwa? Wanahisa wake ni akina nani, na wewe umo? Pili, ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa Lindi, iliyo chini ya Tume ya Madini: leseni hiyo ipo, kwa jina la nani, na muda wake umebaki kiasi gani? Leseni ya utafutaji huanza na miaka isiyozidi minne. Tatu, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA: je, walipewa idhini ya kuuzia umma hisa? Kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, kampuni binafsi haizidi wanahisa 50 na hairuhusiwi kualika umma kununua hisa zake. Kuwakusanya wakulima ishirini ukumbini Nangurukuru ni kualika umma, kwa akili yangu mimi. Msiende mmoja mmoja. Nendeni wote ishirini mkiwa na risiti zenu na ujumbe wote wa simu. Msifute hata mmoja. Mkikuta majina yenu hayamo popote, mnatoka hapo moja kwa moja hadi kituo cha polisi. Tuliuona upatu wa DECI mwaka 2009, na kwa wengi wetu aibu ndiyo iliyotunyamazisha. Kunyamaza hakukumrudishia mtu shilingi.

Sasa mama watoto, na hapa ndipo barua yako iliponiuma.

Unataka kungoja ili umpe habari mbaya iliyofungwa ndani ya habari njema. Nimeshakueleza kuwa hata majibu yakiwa mazuri, bati hazitapanda juu ya nyumba mwaka huu wala mwaka kesho. Yakiwa mabaya atapokea mapigo mawili siku moja, la fedha na la uongo. Tena unadhani muda uko mikononi mwako. Minada ya ufuta ya chama kikuu cha Lindi Mwambao haifanyiki gizani. Bei inatangazwa, malipo yanaingia, majirani wanajenga. Wanawake wa kikoba cha mkeo ni wake wa wakulima wenzako wa chama hicho hicho. Kuna mmoja ameshalipwa, ameshanunua kitanda, na siku yoyote atamuuliza mkeo kwa nini ninyi bado.

Na laki sita zile hazina jina lako. Zimeandikwa kwa jina lake. Nimekaa kwenye vikoba miaka mingi, najua Jumamosi yake itakavyokuwa. Sanduku linaletwa katikati, wenye funguo watatu wanafungua kufuli tatu, katibu anasoma majina. Likifika jina lake atasimama mbele ya wenzake na kurudia maneno uliyomfundisha wewe, kwamba chama hakijalipa. Atasema uongo bila kujua kuwa ni uongo, na wale wanaomsikiliza wanajua ukweli. Hilo, mwanangu, ni kubwa kuliko milioni tatu na laki mbili.

Mwite baada ya sala ya Isha, watoto wakishalala. Simu iache chumba kingine. Usianze na Ruangwa wala kinywe, maana utajikuta unaitetea ile biashara badala ya kukiri. Anza hivi: chama kilinilipa, fedha zilikuwa kiasi hiki, nilizitoa tarehe hii, na laki sita zako zilikwenda huko huko. Mpe risiti aishike yeye. Akilia, mwache alie. Akinyamaza siku tatu, vumilia siku tatu, usimtume shangazi wala mshenga kumbembeleza. Akitaka kuwaeleza ndugu zake, ni haki yake. Msamaha usiuombe usiku huo huo kana kwamba nao una tarehe ya mwisho.

Ile mashine ya boti ipo. Muulize yeye: tuiuze tulipe kikoba, au tumwombe ndugu yangu wa Kivinje awe analeta mgawo wa samaki kila wiki mpaka deni liishe? Namjua mwanamke wa pwani anayeweka akiba kikobani. Hesabu za nyumba anaziweza, huenda kukushinda. Ulimnyima nafasi hiyo pale Nangurukuru, mpe sasa. Jumamosi fuatana naye, na zamu ya jina lake ikifika, usimame wewe useme deni ni lako na lini utalilipa.

Barua hii inachapishwa Jumatano. Zungumza naye usiku wa leo.