Nani Anawaangalia Watoto? Kijitabu cha Familia za Kuruwitu Kuhusu Watoto Wadogo na Maji

Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko. Wazee wa mtaa, walimu wa chekechea na hata wapishi wa shughuli wametuuliza swali lile lile: mbona msimu wa harusi, Idd na likizo ya Disemba ndio wakati watoto wadogo wanaonekana ufuoni peke yao, au wameinamia kisima, ilhali nyumbani watu wazima wamejaa tele? Tunajua wengi wenu mmechoka kuletewa makaratasi na watu wa ofisini. Hiki msikiweke chini ya godoro. Kisomeni, na asiyejua kusoma asomewe.

Tunasema juu ya kufa maji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 duniani walikufa maji, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Watoto hao hawakuwa wavuvi waliokwenda nje ya mwamba. Wengi wa umri huo hupatikana na maji karibu na nyumbani, mtu mzima akiwa hatua chache tu kutoka pale.

Nyumba ikijaa wageni

Tazameni siku ya harusi ilivyo. Wageni wameshuka kutoka Mombasa na Malindi, turubali limefungwa kwenye minazi, kina mama wako kwenye masufuria ya pilau, wazee wamekaa na habari za mahari, vijana wanahangaika na spika. Mama mtu anaamini mtoto yuko kwa shangazi yake. Shangazi anaamini amechukuliwa na babake. Baba alimwona na bibi, lakini hiyo ilikuwa kabla ya chai. Hakuna hata mmoja anayesema uongo, na mtoto hana mtu.

Kwa hiyo tunasema, na tutarudia mpaka mtuchoke: kila shughuli iwe na mlinzi wa watoto anayejulikana kwa jina. Awe mtu mzima. Binti wa miaka minane aliyebebeshwa mdogo wake mgongoni si mlinzi, naye ni mtoto. Mlinzi asipike, asihudumie wageni, asishike simu, wala asiwe amegusa mnazi. Afungwe kitambaa cha rangi mkononi ili mgeni aliyefika jana naye amjue. Akitaka kupumzika asiondoke kimya kimya. Amwite mwenzake, wahesabu watoto pamoja, amwambie kwa sauti, “Nimekukabidhi,” na mwenzake aitikie. Asipoitikia, bado hajakabidhiwa.

Msidhani mtasikia kelele. Mtoto mdogo anayezama hapigi mayowe, maana mdomo uliojaa maji hauwezi kuita. Hunyamaza, na katika shughuli yenye ngoma ukimya wake hausikiki.

Idd na bamvua

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili watu wa pwani wanalijua na bado wanalisahau siku ambayo linahitajika zaidi. Idd el-Fitr huja mwezi ukiandama, na mwezi ukiandama huja bamvua. Hakuna mwaka ambao sikukuu hiyo itaangukia maji mafu. Siku za bamvua huku kwetu maji hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa mpaka saa kumi au kumi na moja jioni. Tofauti ya kupwa na kujaa huweza kukaribia mita nne.

Sasa linganisheni na ratiba ya sikukuu. Asubuhi baada ya sala, watoto wakiwa na nguo mpya, ufuo umekauka hadi mbali na vidimbwi vya juu ya miamba vina maji ya kufika vifundoni. Familia zinasema bahari leo imelala. Zinarudi nyumbani kula, na baada ya chakula cha mchana watoto wanakimbilia pale pale walipocheza. Saa saba na saa nane ndipo maji yanapopanda kwa kasi kuliko saa zote. Huingia kwanza kwenye mifereji iliyo upande wa nchi kavu, nyuma ya mgongo wa anayeangalia mwamba. Mtoto wa miaka minne aliyesimama kwenye mwamba mkavu anajikuta kisiwani.

Wageni kutoka bara ndio walio hatarini zaidi, na mwenyeji ndiye anayepaswa kuwaambia. Msione haya kumzuia mgeni.

Watu wa Kuruwitu wameshaonyesha kwamba wanaweza kujiwekea amri ya bahari na kuifuata. Mwaka 2005 wavuvi wa hapa walitenga hekta 30 za bahari zisivuliwe, wakati ambapo wengi walisema hakuna mvuvi mwenye njaa atakayekubali, na samaki wakarudi. Waliokubali kufunga bahari kwa ajili ya samaki hawatashindwa kuufunga ufuo mchana wa Idd kwa ajili ya wanao.

Ndoo, kisima, timbo

Mtoto aliyeanza kutambaa anaweza kufa kwenye maji ya sentimita chache. Akiinamia ndoo, kichwa chake ni kizito kuliko sehemu nyingine ya mwili; akitumbukia hawezi kujiinua. Mwageni maji mkimaliza kufua. Kisima kiwe na ukuta na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukisukuma. Bati lililowekewa jiwe si kifuniko. Mashimo ya timbo yanayobaki baada ya mawe ya kujengea kuchimbwa hujaa mvua za masika, na pembe zake ni wima kama ukuta wa nyumba. Mwenye shamba azungushie ua wa miiba kama hana fedha za seng'enge.

Mtoto akitolewa majini

Usijitupe majini kama hujui kuogelea. Rusha kamba, au jerikeni tupu iliyofungwa kifuniko.

Akishatoka, usimninginize kichwa chini. Usimkande tumbo. Usimpe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi. Tunajua mambo haya yamefanywa na wazee kwa nia njema. Yanapoteza dakika ambazo mtoto hana. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu chake, utazame kifua. Kama hapumui, mpulizie pumzi tano za taratibu, kila moja mpaka kifua kipande. Mtoto mchanga, mdomo wako ufunike mdomo na pua yake pamoja. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa vidole viwili kwa mchanga na kiganja kimoja kwa mkubwa kidogo, kifua kishuke theluthi moja, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Pumzi mbili, tena 30. Usiache mpaka apumue au mwenye ujuzi akupokee.

Hata akizinduka na kuomba uji, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mapafu yaliyoingia maji huweza kubadilika baada ya saa kadhaa, na hapa ndipo familia nyingi hukosea: mtoto analia, watu wanashukuru, ngoma inaendelea.

Sheria kwa ufupi

Katiba, kifungu cha 53, inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 inausisitiza wajibu huo na kuhesabu kutomjali mtoto kuwa kosa. Kifo cha majini huripotiwa polisi kabla ya maziko. Mengine mwulizeni chifu au naibu wake.

Simu za dharura ni 999 na 112. Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Mmoja apige simu huku mwingine anapuliza. Aliye peke yake apulize kwanza kwa dakika moja, ndipo apige.