Vikapu Kumi na Viwili

SOMO LA WIKI
Andiko kuu: Yohana 6:1–13
Soma pia: Mwanzo 2:15, Luka 10:25–37

Jumapili tulisoma habari ya mikate mitano na samaki wawili. Kwa kawaida tunashangilia muujiza, halafu tunafunga Biblia. Lakini hebu tusimame pale kwa mstari wa 12. Watu wameshiba, na Yesu anawaagiza wanafunzi waokote mabaki ili kisipotee kitu. Yule anayeweza kulisha maelfu kwa chakula cha kijana mmoja, ndiye huyo huyo anayejali vipande vilivyobaki. Vikapu 12 vikajaa.

Sasa kama Bwana mwenye vyote hakutupa ovyo, sisi tunaohesabu shilingi kila jioni tunatupa kwa nini?

1. Taka yako ina anwani

Ukiwapa vijana wa mkokoteni gunia la taka pale Umoja, Buruburu ama Kayole, unaona limeisha. Halijaisha. Mara nyingi limeenda Dandora. Jalala lile lilianza miaka ya 1970, na mwaka 2001 likatangazwa kwamba limejaa. Hata hivyo lori ziliendelea kuingia. Kando yake kuna nyumba, shule na makanisa kama letu.

Mwaka 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 wa maeneo hayo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto.

Na kile kisichofika Dandora kinaingia kwa mtaro. Kutoka mtaroni kinaingia Mto Nairobi, kisha Athi, mpaka baharini karibu na Malindi. Aprili 2024 tuliona mafuriko yakiingia Mathare. Mvua ilikuwa kubwa, ni kweli, lakini mtaro uliozibwa na chupa na karatasi za nailoni hausaidii mtu.

Yule mwanasheria wa Luka 10 alitaka kujua jirani yake ni nani. Mpendwa, jirani yako ni yule mama anayekaa pale taka yako inaposhukia.

2. "Lakini dunia hii si itapita?"

Kuna ndugu husema, sisi ni wasafiri, tunaenda mbinguni, mambo ya taka ni ya kaunti. Ndugu yangu, hata kama unahama nyumba mwisho wa mwezi, huvunji madirisha kwa sababu unahama. Mwenye nyumba atakagua kabla akurudishie deposti. Adamu aliwekwa bustanini ailime na aitunze. Dunia ni mali ya Bwana, na mpangaji atatoa hesabu.

3. Chagua kabla ya kununua

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na faini inafika shilingi milioni 4. Lakini hofu ya faini si utakatifu. Anza na haya, na mengi hayana gharama:

• Beba kiondo ukienda kwa mama mboga. Kikapu hujaza leo na kesho.
• Nenda na chupa yako kwa mafuta ya kupima, na mkebe wako kwa ATM ya maziwa.
• Ukinunua soda, chagua ile ya chupa ya glasi inayorudishwa dukani.
• Usiwashe jiko kwa karatasi ya nailoni. Moshi ule ni sumu, na mtoto yuko hapo hapo.
• Weka maganda ndoo moja, na plastiki safi mfuko mwingine. Anayeokota atauza bila kuchimba uchafu.
• Pika kinachotosha. Ugali uliobaki utaliwa asubuhi na chai.

Najua, kuna siku mfukoni una ishirini tu na unanunua kile kidogo kinachopatikana. Mungu anaona, hahukumu umaskini wako. Fanya unachoweza.

Tuanze na sisi wenyewe. Baada ya kesha la mwezi uliopita tulijaza magunia ya chupa za maji. Tuliomba usiku mzima juu ya mji huu, kisha asubuhi tukautumia jirani mzigo wetu. Kesha lijalo, kila mtu aje na kikombe chake. Mashemasi wataweka maji ya kunywa mlangoni.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Taka ya ploti yenu huenda wapi? Nani anaishi hapo?
2. Ni kitu gani kimoja mtaacha kununua ama kutupa wiki hii?

Ombi: Bwana, utusamehe kwa kile tulichowatupia wengine. Tufundishe kukusanya kama ulivyowafundisha wanafunzi wako. Wakumbuke watoto wa Dandora na Korogocho, uwaponye. Katika jina la Yesu, Amina.