Kuchora darasani: somo kwa walimu, wazazi na viongozi wa Munigi



Munigi, kaskazini mwa Goma, inajua maana ya kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka upande huu, ukaingia mjini hadi Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 volkeno ililipuka tena. Kuanzia 2022 familia nyingi za Rutshuru na Masisi zilikimbia vita na kujenga vibanda vya mahema kuzunguka Goma. Mwezi wa kwanza 2025 vita vikafika Goma kwenyewe, na kambi nyingi zikabaki tupu.

Mtoto aliyepita katika hayo anakuja shuleni nayo moyoni. Hasemi, anashtuka mlango ukigongwa, au anapiga wenzake. Sisi wakubwa tunaharakisha kumwita mkaidi. Mara nyingi ni hofu ambayo haijapata maneno. Tena huenda lugha ya darasani si lugha ya nyumbani kwake. Kuchora hakudai lugha.

Namna ya kuongoza somo

1. *Kutayarisha.* Karatasi si lazima. Kipande cha makaa na katoni vinatosha, au chaki, au kijiti juu ya udongo.

2. *Kueleza.* Tuseme: "Chora mahali unapojisikia salama, au mtu anayekusaidia." Tusimwagize mtoto achore vita. Akivichora mwenyewe, tusimkataze. Asiyetaka kuchora asilazimishwe.

3. *Kusikiliza.* Tuseme, "Niambie juu ya picha yako," kisha tunyamaze. Tusiulize nani alikufa. Tusitoe pointi, wala mtu asimcheke mwenzake. Tusijifanye waaguzi wa picha: rangi nyeusi si lazima iwe huzuni. Udongo wa Munigi wenyewe ni mweusi.

4. *Kufunga.* Tumalize kwa wimbo au mchezo, ili mtoto arudi nyumbani akiwa ametulia.

Mambo ya kuangalia

Picha ni ya mtoto. Tusiibandike ukutani wala kumpa mgeni bila ruhusa yake na ya wazazi. Picha inayoonyesha wenye silaha, au nyumba ya jirani ikichomwa, inaweza kuiletea familia hatari. Inaweza pia kuamsha chuki kati ya watoto wanaoketi benchi moja. Kiongozi asiitumie kama ushahidi wa kushtaki kabila fulani.

Kuchora si dawa ya yote. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011, unatufundisha mambo matatu: kutazama, kusikiliza, kuunganisha. Mtoto asiyelala au asiyekula kwa muda mrefu tumuunganishe na kituo cha afya. Anayesema anataka kufa tusimwache peke yake hata kidogo. Tumpeleke siku hiyohiyo.

Maswali ya kujadiliana

- Katika darasa au mtaa wetu, ni mtoto gani tunayemwita mkaidi? Tumewahi kumsikiliza?
- Picha za watoto tutazitunza wapi, na nani ataruhusiwa kuziona?
- Wazazi tunaweza kufanya nini jioni, mtoto akitaka kueleza alichochora?

Tuanze na somo moja kwa wiki. Mtoto akiona picha yake imepokewa bila kuhukumiwa, siku nyingine huenda akaleta na maneno.