Kujitosa Katika Maji ya Barafu: Tiba au Balaa?

Asemaye haijui baridi ya maji hajakaa bwenini. Saa kumi na moja alfajiri kengele inalia, unajikokota hadi bafuni na ndoo yako, unajimwagia kata ya kwanza, na mara pumzi inakatika kama umepigwa ngumi ya kifua. Hiyo sote twaijua. La kustaajabisha ni kwamba kuna watu wanaotoa pesa nyingi kununua adha hiyo hiyo! Wananunua hodhi maalumu lenye mtambo wa kupoza maji, wanaliweka nyumbani, kisha wanaketi ndani kila asubuhi, kichwa tu ndicho kinachoonekana. Wanariadha nao wana lao: pipa la maji na barafu baada ya mazoezi. Makala haya yanakusudia kueleza jambo hili linafanya nini mwilini, linafaa wapi, na linaua vipi. Ndiyo, linaua.

Kwanza jina, maana sisi ni Chama cha Kiswahili. Chombo hiki tukiiteje? Kule Pwani, birika ni hodhi la kujengwa la kuwekea maji, kama lile la kutawadhia msikitini. Lakini ukimwambia mtu wa bara aketi ndani ya birika, atadhani wataka kumchemsha pamoja na majani ya chai. Josho ni neno zuri pia, ila wafugaji wamekwisha kulitwaa kwa ajili ya ng'ombe na kupe wao. Basi mimi nasema hodhi la barafu, na lile la kienyeji tuliite pipa, yaishe.

Wala mambo haya si mapya. Vincenz Priessnitz, aliyezaliwa mwaka wa 1799, alikuwa akitibu watu kwa maji baridi huko Gräfenberg, na baadaye padri Sebastian Kneipp akasifika Ujerumani kwa kazi iyo hiyo. Hata Charles Darwin, yule mtaalamu wa viumbe, alikwenda Malvern, Uingereza, mwaka wa 1849 kumwagiwa maji baridi kwa sababu ya tumbo lake lililomsumbua.

Sasa tuingie majini. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Ndiyo sababu hewa ya nyuzi 15 ni ya kuvaa sweta tu, lakini maji ya nyuzi 15 yanakutoa machozi. Ngozi ikipoa ghafla, mwili hushtuka: unavuta pumzi moja kubwa bila kutaka, kisha unahema mbio mbio, moyo unapiga kasi, mishipa ya damu ya ngozini inajikaza na shinikizo la damu linapanda. Wataalamu wanauita mshtuko wa baridi. Unapanda hasa katika dakika ya kwanza, kisha unatulia ndani ya dakika chache. Hebu fikiri: pumzi ile ya kwanza ikija kichwa kikiwa chini ya maji, unavuta nini? Wengi wanaokufa katika maji baridi hawafi kwa kuganda. Wanakufa mapema, kwa kumeza maji au kwa moyo kuvurugika.

Kutumbukiza uso nako kuna hila yake. Baridi usoni huuamrisha moyo upunguze mwendo, na baridi mwilini huuamrisha uongeze. Moyo unapokea amri mbili kwa wakati mmoja, na baadhi ya mioyo hushindwa kujua imtii nani. Kwa hivyo mtindo wa kuruka ndani kichwa kwanza ili marafiki wacheke ni upuuzi mtupu.

Mtafiti wa Kanada, Gordon Giesbrecht, amewafundisha watu hesabu rahisi juu ya anayetumbukia katika maji ya barafu: 1, 10, 1. Una dakika 1 ya kuituliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa sababu joto la mwili limeshuka. Zingatia ile 10. Mtu aliyekaa pipani akishindana na wenzake nani atakawia zaidi, anaweza kuinua mkono ashike ukingo, mkono usishike.

Je, faida ipo? Ipo, lakini si zote zinazotangazwa. Mwaka wa 2012 wataalamu walikusanya majaribio madogo 17 yenye watu 366, wakaona kwamba kukaa katika maji baridi baada ya mazoezi kunapunguza maumivu ya misuli kuliko kupumzika tu. Hiyo ni habari njema kwa mkimbiaji aliye na mbio leo na kesho. Lakini ngoja kwanza. Mwaka wa 2015 ulitolewa utafiti mwingine wa watu waliobeba vyuma kwa wiki 12. Waliokuwa wakikaa dakika 10 katika maji ya nyuzi 10 kila baada ya mazoezi waliongeza misuli na nguvu kidogo kuliko wenzao waliopiga baiskeli polepole. Inaonekana ule uchungu tunaoukimbia ni sehemu ya ujenzi wenyewe. Kwa hiyo, wewe uliye katika msimu wa kujenga mwili, pipa la nini?

Na mafua? Huko Uholanzi watu zaidi ya 3,000 walishiriki katika utafiti wa kumalizia kuoga kwa maji baridi, sekunde 30 hadi 90. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2016 yalionyesha kwamba walikosa kazi kwa ugonjwa pungufu kwa asilimia 29, lakini siku zao za kuugua hazikupungua. Yaani waliugua vile vile, ila walikwenda kazini. Matroni wa bweni angefurahi sana kusikia hivyo!

Lipo jambo moja ambalo kwalo pipa la barafu halina mpinzani, na laiti lingejulikana katika kila uwanja wa michezo. Mkimbiaji akizidiwa na joto hadi mwili wake kupita nyuzi 40, akaanza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka au kuzirai, ubongo na figo zake zinaungua. Dawa ni kumtia katika maji baridi pale pale, mwili mzima hadi shingoni, huku mtu akimshika kwapani kichwa kisizame, na mwingine akiita gari la wagonjwa. Apozwe kwanza, asafirishwe baadaye. Katika mbio za Falmouth kule Marekani, kwa muda wa miaka 18 walitibiwa hivyo wagonjwa 274, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Pipa lililojazwa maji kando ya uwanja ni la bei ndogo kuliko matanga.

Wenzetu wa Fizikia, hapa ndipo penu. Chukua pipa la lita 200. Usilijaze! Mtu wa kilo 60 akiingia atasukuma karibu lita 60 za maji, kama alivyotufundisha Archimedes. Tia lita 120, tuseme ziko nyuzi 20, nawe wazitaka nyuzi 12. Joto la kuondoa ni 120 × 4.2 × 8, yaani kilojuli 4,032. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunywa kilojuli 334, na maji yake yakipanda hadi nyuzi 12 hunywa nyingine 50. Jumla 384. Gawanya: barafu kilo kumi na nusu hivi. Kwa sisi wa nyanda za juu, maji ya tangi alfajiri ya Julai yanaweza kukupunguzia gharama hiyo.

Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, pumu au selimundu asijaribu bila daktari. Selimundu hasa, kwa sababu baridi inaweza kuanzisha yale maumivu makali ya mifupa, na wagonjwa ni wengi Nyanza, Magharibi na Pwani. Usiingie peke yako. Ingia polepole, miguu kwanza, ukitoa pumzi taratibu. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini haya, kifua kikikubana, budi unayo: toka! Kwa anayeanza, dakika moja au mbili zatosha. Na yule fundi anayegeuza friza kuukuu kuwa hodhi, aung'oe waya ukutani kabla hajatia hata kidole.

Ukitoka, jikaushe, vaa nguo kavu, tembea kidogo. Usishangae ukizidi kutetemeka dakika kumi baadaye: damu iliyopoa mikononi na miguuni inarudi ndani, na joto la mwili linaendelea kushuka kwa muda. Chai ya moto ruksa. Kipimajoto cha maabara kinafaa kupimia maji, ila mwalimu aombwe ruhusa kwanza, kwa sababu kile cha mwisho kilichotoka bila ruhusa hakijarudi hadi leo.