Vijiti vya mzinga: vyote viwe na urefu mmoja



Kijiti cha juu cha mzinga wa Kenya kina urefu wa cm 48. Kikiwa kifupi, kinaanguka ndani pamoja na asali. Tukitumia msumeno wa meza, hapana kupima kimoja kimoja. Fanyeni hivi:

1. Toa fishi kwanza. Weka ekere kati ya bapa la msumeno na kisukumio, kile kinachoteleza mu mfereji wa meza. Kaza visi.

2. Kata ubao wa kujaribu. Geuza kipande kimoja juu chini, uvikutanishe kwenye rula iliyonyooka. Mkiona mwanga kati yao, pembe haijanyooka: rudieni.

3. Funga ubao mrefu kwenye kisukumio. Pima cm 48 kuanzia jino linaloelekea kizuizi, ukaze kizuizi pale. Kata kona yake ya chini ili vumbi lisisukume kijiti.

4. Kata viwili, vipime, ndipo uendelee.

Angalisho: ukuta wa mashini usiguse ncha ya kijiti hata kidogo. Kikibanwa kati ya ukuta na msumeno, kinarushwa kwa nguvu. Kijiti kinapatikana tena, kidole hapana.